Kuutoa utafiti wa siasa nje ya chuo: maswali ambayo wanafunzi wa shahada za juu huyarudia

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kila tunapoanza na kundi jipya la wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Mengine huulizwa darasani, mengine mlangoni watu wakiwa wameshabeba mikoba yao, na haya ya mlangoni ndiyo mazito zaidi. Tumeyapa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Mafunzo haya yanahusu nini hasa?

Yanahusu kumfanya mtu ambaye hakusomea sayansi ya siasa aelewe umegundua nini, umekijuaje, na kinaishia wapi. Mtu huyo anaweza kuwa msomaji wa gazeti, msikilizaji wa redio, diwani, mwalimu wa sekondari au shangazi yako. Hatufundishi umaarufu wala uanaharakati, ingawa wapo waliopita hapa wakaishia kwenye vyote viwili.

Hicho cha tatu, "kinaishia wapi", ndicho kinachokula muda. Kuandika sentensi fupi mtu anafundishika kwa wiki mbili. Kumzoesha asivuke mpaka wa alichokipata, huku mtangazaji akimvuta kwa swali tamu, ni kazi ya muhula mzima.

2. Kwa nini nianze sasa? Si nisubiri nimalize tasnifu?

Ukisubiri, utakuwa umeshatumia miaka kadhaa kuwaandikia watu watano: msimamizi, watahini, na wenzako wawili wa semina. Mkono huzoea. Tumewaona wahadhiri wenye machapisho mengi wakihangaika kueleza kazi yao kwa dakika tano, na sababu si uhaba wa maarifa. Wamesahau jinsi mtu asiyejua anavyofikiri. Wewe bado unakumbuka, maana juzi tu ulikuwa hujui.

Pia zoezi lenyewe huirudia tasnifu na kuisaidia. Mwanafunzi akishindwa kutamka matokeo yake kwa sentensi moja, mara nyingi tatizo haliko kwenye lugha. Hajaamua bado alichogundua. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha mwaka 2008 mashindano ambamo mtafiti wa uzamivu hueleza tasnifu yake kwa dakika 3 na slaidi moja tu isiyo na mbwembwe. Vyuo vingi duniani vimeiga. Sisi hatushindani, lakini zile dakika 3 tumezichukua.

Kuna sababu nyingine isiyopendeza sana. Mwaka 2013 Bunge la Marekani liliweka sharti kwamba fedha za taasisi yake ya taifa ya sayansi zisiende kwenye utafiti wa sayansi ya siasa, isipokuwa ule utakaothibitishwa kuwa unahudumia usalama wa taifa au maslahi ya kiuchumi ya nchi. Sharti liliondolewa mwaka uliofuata. Ila wengi walijifunza kwa gharama kwamba fani isiyojieleza hupata shida ya kutetewa inapofikia suala la fedha.

3. Kila mtu anafuata siasa. Mimi nina nini cha kumwambia asichokijua?

Swali zuri, na usilikwepe kwa kutaja shahada zako. Mpe mfano.

Wachewa na Watumbuka wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Malawi na Zambia. Lugha ni zilezile na mila ni zilezile. Lakini mtafiti Daniel Posner, katika makala aliyoichapisha mwaka 2004, alionyesha kwamba nchini Malawi makundi haya hutazamana kama wapinzani wa kisiasa, na Zambia kama washirika. Maelezo yake: Malawi kila kundi ni kubwa kiasi cha kuweza kuwa mtaji wa kura, Zambia yote mawili ni madogo, hivyo hakuna mwanasiasa anayepata faida kwa kuyagonganisha. Tofauti ya kitamaduni ni ileile pande zote mbili, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayozaa uhasama.

Anayefuata habari kila siku hawezi kuliona hili, kwa sababu habari humletea nchi moja kwa wakati mmoja. Wewe unalinganisha, na hapo ndipo ulipo mchango wako.

4. Nikijitambulisha, watu wanadhani nagombea ubunge. Nisemeje?

Hili ni la lugha yetu zaidi. "Mwanasayansi ya siasa" na "mwanasiasa" sikioni ni ndugu, na neno "siasa" lenyewe limebeba harufu ya porojo: "hizo ni siasa tu." Acha cheo, taja kazi. "Nachunguza kwa nini watu wengine hupiga kura na wengine hawapigi" inafungua mazungumzo. "Mimi ni mtaalamu wa tabia za kisiasa" inayafunga, tena kwa mashaka.

5. Msimamizi wangu anasema haya ni kupoteza muda.

Kuna wakati ana haki, hasa kama sura ya pili ya tasnifu imekwama tangu mwaka jana. Mwombe jambo dogo: makala moja, baada ya sura moja kukamilika, naye aisome kabla haijatoka. Wasimamizi wengi hulegea wakiona jina la utafiti haliharibiwi. Kuhusu yale ambayo hayajachapishwa, tazama swali la 16.

## Kuandika

6. Nina kurasa 300. Nianzie wapi?

Usianze kwenye kurasa. Funga kompyuta, mtafute mtu nje ya fani, mweleze kwa mdomo, na umruhusu akukatize. Mahali alipokukatiza ndipo makala ilipo.

Darasani tunatumia utafiti mmoja maarufu kama uwanja wa mazoezi. Mwaka 2006, kabla ya uchaguzi wa mchujo (ule wa kuchuja wagombea wa vyama) wa Agosti katika jimbo la Michigan, Marekani, watafiti Alan Gerber, Donald Green na Christopher Larimer waligawa kwa nasibu, yaani kama kwa kupiga kura ya bahati, kaya 180,000 hivi. Baadhi hazikutumiwa kitu. Nyingine zilipata barua za aina mbalimbali, na barua kali kuliko zote ilionyesha kama wenye nyumba na majirani zao walipiga kura chaguzi zilizopita, ikiahidi kuwa orodha mpya itatumwa baada ya uchaguzi. Waliojitokeza kwenye kundi lisilotumiwa kitu walikuwa asilimia 29.7. Kwenye kundi la barua ya majirani, asilimia 37.8.

Mwanafunzi anapoandika kwa mara ya kwanza hutoa kitu kama hiki: "Utafiti huu unachunguza nafasi ya kanuni za kijamii katika kuchochea ushiriki wa kiuchaguzi kwa kutumia jaribio la uwandani." Sentensi haina kosa lolote, na hakuna atakayeimaliza. Akiandika mara ya tano hufika hapa: "Mtu akijua majirani watajua kama alipiga kura, uwezekano wa kwenda kupiga kura unaongezeka." Watu wameingia, tendo limeingia, na msomaji tayari ameanza kujiuliza angefanyaje yeye.

Mara ya tano, tumesema. Ya pili na ya tatu kwa kawaida huwa mbaya kuliko ya kwanza, maana mwandishi ameacha lugha ya kitaaluma na hajapata nyingine. Usikate tamaa hapo katikati.

7. Tasnifu yangu iko kwa Kiingereza. Nitafsiri?

Hapana. Ukitafsiri utapata Kiswahili kilichovaa koti la mtu mwingine. Jirekodi ukimweleza mtu kwa Kiswahili, kisha andika kutokana na ile rekodi. Utashangaa kuwa mdomo una maneno ambayo kalamu ilidai hayapo.

8. Istilahi zipi niache na zipi nieleze?

Zinazokutisha mwenyewe si tatizo, kwa sababu utakumbuka kuzieleza. Hatari iko kwenye maneno ya kawaida ambayo sisi tumeyapa maana nyingine bila kumwambia mtu. Baadhi ya yanayotuponza:

*Kura ya maoni.* Msomaji mmoja ataelewa wananchi wote kuulizwa ndiyo au hapana kuhusu katiba. Mwingine ataelewa watu elfu moja kuulizwa na watafiti. Wa tatu atafikiria chama kuchuja wagombea wake. Ukimaanisha dodoso, sema "utafiti wa maoni" au "tuliwauliza watu 1,200".

*Taasisi.* Sisi tunamaanisha kanuni na mazoea yanayoongoza watu. Msikilizaji anaona jengo lenye mlinzi getini. Sema "kanuni".

*Upendeleo.* Ukisema sampuli, yaani wale wachache waliochaguliwa kuhojiwa, ina upendeleo, umemshutumu mtu rushwa. Sema sampuli iliegemea upande fulani, kisha utaje ni upi: waliosoma, wa mjini, wenye simu.

*Nadharia.* Kwetu ni maelezo ya kwa nini jambo hutokea. Mitaani ni kinyume cha vitendo: "hiyo ni nadharia tu." Mara nyingi "maelezo" yanatosha.

*Dola, serikali, nchi, taifa.* Hapa Kiswahili kinakusaidia, usikiharibu. Serikali hubadilika baada ya uchaguzi, dola hubaki. Vivyo hivyo kwa mamlaka, madaraka, nguvu na ushawishi: Kiingereza hulazimika kuvibeba vingi kwa neno moja, sisi tumeshavitenganisha. Chagua kimoja na ukishike mpaka mwisho wa makala.

9. Takwimu niziandikeje bila kumchosha mtu wala kumdanganya?

Chache, na kila moja iwe na jirani wa kulinganishwa naye. Asilimia 37.8 peke yake haisemi kitu. Ikikaa kando ya 29.7 inasema.

Kosa tunalolisahihisha kuliko yote ni kuchanganya asilimia na pointi za asilimia. Kutoka 29.7 hadi 37.8 ni ongezeko la pointi 8.1. Ukigawanya 8.1 kwa 29.7 unapata ongezeko la asilimia 27 hivi. Zote ni sahihi, lakini mwandishi anayetafuta kichwa cha habari atachukua 27, na msomaji ataamini watu 27 zaidi katika kila 100 walikwenda kupiga kura. Wape pointi, na useme kwa maneno: "watu wanane zaidi katika kila mia."

La pili ni kiwango cha makosa, yaani umbali ambao jibu la waliohojiwa linaweza kupishana na la wananchi wote kwa bahati tu. Utafiti wa maoni uliowahoji watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu hubeba kiwango cha makosa cha takriban pointi 3 juu au chini. Wengi wanaishia hapo. Lakini pointi 3 hizo ni za mgombea mmoja. Pengo kati ya wagombea wawili wanaokaribiana hubeba karibu mara mbili, yaani pointi 6. Kwa hiyo ukiona 48 kwa 45, huyo wa 48 bado hajulikani kama anaongoza. Na ukitaka kupunguza kiwango hicho hadi nusu, wahojiwa elfu mbili hawatoshi. Unahitaji elfu nne.

Tena kiwango hicho hakijui lolote kuhusu sampuli iliyoegemea upande. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 na kutabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa rais wa Marekani. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kadi yalitoka kwa sehemu kubwa kwenye orodha za wenye simu na magari, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na waliokaa kimya. Hadithi hii ikisimuliwa vizuri, msikilizaji hatakuuliza tena kwa nini hukuhoji watu wengi zaidi.

10. Lini naweza kusema kitu "kinasababisha" kingine?

Utafiti wa Michigan unaweza kusema hivyo, kwa sababu nani apate barua iliamuliwa kwa nasibu. Kama wewe ulilinganisha wilaya zenye redio nyingi na zenye redio chache, huna haki hiyo, hata kama jedwali lako linapendeza. Kumbuka kwamba mpaka huu huvukwa na vitenzi: "kunaongeza", "kumeleta", "kunapunguza" vyote vinadai sababu. "Wilaya zenye redio nyingi pia ndizo zenye…" haidai.

Usiandike "uhusiano si usababishi" ukadhani umemaliza. Msomaji amelisikia hilo na halimsaidii. Mweleze ni kitu gani kingine kingeweza kuleta picha hiyohiyo. Labda redio hufuata barabara, na barabara hufuata pesa.

11. Nikirahisisha, si nitapotosha?

Unaweza kuacha mambo mengi bila kupotosha. Kipimo chetu: kama ulichokiacha kingemfanya msomaji abadili mawazo kuhusu hitimisho, kirudishe. Vingine vyote viende. Barua ya Michigan ilitumika katika uchaguzi wa mchujo, ambao watu wengi hawajali. Hilo lazima libaki, maana pale ambapo karibu kila mtu tayari anapiga kura, barua haina wa kumsukuma. Kuacha jina la modeli ya takwimu hakutamzuia mtu kuelewa.

12. Makala iwe na urefu gani, na naipelekaje?

Kurasa nyingi za maoni hupokea maneno 700 hadi 900 hivi. Mwandikie mhariri aya tatu kwanza: umegundua nini, kwa nini wiki hii, wewe ni nani. Kama hana jibu baada ya siku chache, peleka kwingine. Ukimya si tusi.

Yapo majukwaa yaliyojengwa kwa kazi hii hasa. The Conversation, iliyoanza Australia mwaka 2011 na kufungua toleo la Afrika mwaka 2015, huandikwa na wanataaluma na kuhaririwa na waandishi wa habari, na makala haitoki bila mwandishi kuidhinisha toleo la mwisho. Kwa fani yetu, The Monkey Cage, iliyoanzishwa na wanasayansi wa siasa mwaka 2007 na kuhamia Washington Post mwaka 2013, ilifundisha kizazi kizima namna ya kuandika kwa haraka bila kupayuka. Ilipoondoka kwenye gazeti hilo mwishoni mwa 2022, wahariri wake waliendelea kwa jina la Good Authority.

## Waandishi wa habari na hadhira

13. Mwandishi amepiga simu, anataka jibu leo. Nifanye nini?

Muulize mambo manne: habari ni ya nini, nani mwingine anahojiwa, ni moja kwa moja au itarekodiwa, na mwisho wake ni saa ngapi. Kisha omba nusu saa. Andika sentensi mbili unazotaka zisikike hata kama vingine vyote vikikatwa. Mpigie, tena mpigie kweli. Mtaalamu anayeahidi kupiga na asipige hatafutwi tena, na anawaharibia wenzake.

Kuhusu maneno "usininukuu": makubaliano huja kabla ya kusema, si baada. Kwa mwanafunzi ushauri wetu ni mwepesi: usichotaka kukiona kimeandikwa, usikiseme.

14. Ameniuliza nani atashinda uchaguzi. Mimi natafiti bajeti za halmashauri.

"Hilo silifanyii utafiti. Ninachoweza kukueleza ni jinsi bajeti zinavyobadilika mwaka wa uchaguzi." Basi. Ukiweza kumtajia mtu anayelijua swali lake, umemsaidia kuliko kwa kubahatisha. Usitaje majina yaleyale matatu yanayosikika kila siku: mwaka 2016 kundi la wanasayansi wa siasa wanawake lilianzisha Women Also Know Stuff, hifadhi ya majina ya wataalamu wanawake, kwa sababu waandishi na waandaaji wa mikutano walikuwa wakidai hawawaoni.

Tunawapa wanafunzi zoezi la kusema "sijui" kwa sauti mara kumi katika mahojiano ya kuigiza. Wanacheka mara tatu za kwanza. Kufikia ya saba wanagundua kwamba studio haikuanguka.

15. Nimenukuliwa vibaya.

Tenganisha kosa la ukweli na kosa la ladha. Takwimu ikigeuzwa, au "huenda" ikafutwa, mwandikie mwandishi siku hiyohiyo kwa upole, mpe sentensi sahihi aweze kuibandika moja kwa moja. Kama umefupishwa tu hadi ukaonekana mkavu kuliko ulivyo, meza. Kichwa cha habari kwa kawaida hakuandika yeye, kwa hiyo usimgombeze kwa hicho. Elekeza ombi kwa mhariri.

## Maadili

16. Naweza kuzungumzia matokeo ambayo bado hayajapitiwa na wanazuoni wengine?

Unaweza kuzungumzia swali, mbinu, na yale ambayo fani inayajua tayari. Matokeo mapya yasubiri, isipokuwa kuna dharura ya kweli, na hata hapo sema waziwazi kwamba hayajapitiwa. Angalia pia masharti ya jarida. Mengine huzuia kutangaza kabla ya siku ya kuchapisha.

Kupitiwa nako si kinga. Desemba 2014 jarida la Science lilichapisha utafiti uliodai kwamba mazungumzo mafupi ya mlangoni na mtu anayependa watu wa jinsia yake yalibadilisha misimamo ya watu kuhusu ndoa za jinsia moja kwa muda mrefu. Vyombo vya habari viliushangilia. Watafiti chipukizi, mmoja wao akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walijaribu kuuendeleza na takwimu zikakataa kufanana. Kampuni iliyodaiwa kuendesha dodoso ikasema haiujui mradi huo. Makala iliondolewa Mei 2015. Mwaka 2016 wawili kati ya wagunduzi hao walichapisha kwenye jarida hilohilo jaribio lao halisi, kuhusu chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia, nalo likaonyesha kwamba mazungumzo ya dakika 10 hivi yanaweza kuipunguza kwa miezi kadhaa.

Wanafunzi hupenda sehemu ya kashfa. Sisi hukaa zaidi kwenye swali hili: kama ulishautangaza ule wa kwanza redioni, leo ungewaambia nini wasikilizaji wako? Jibu tunalolitaka ni kurudi kwenye redio ileile na kusema.

17. Nina msimamo wangu wa kisiasa. Niufiche?

Huna haja ya kujifanya jiwe. Ila tenganisha sauti. Sentensi ya "tumekuta" na sentensi ya "nadhani tufanye" zisikae bega kwa bega kana kwamba moja imezaa nyingine. Utafiti unaweza kuonyesha kwamba kanuni fulani hupunguza idadi ya wapiga kura. Kwamba hilo ni baya ni hoja ya maadili, na unaruhusiwa kuitoa ukiitaja kwa jina lake. Kama ni mwanachama wa chama, au umelipwa na asasi yenye maslahi, liseme kabla halijasemwa na mwingine.

Kipimo kimoja kigumu: je, ungeyatangaza matokeo haya kwa sauti ileile kama yangeangukia upande wa pili? Wachache hujibu haraka, na wanaojibu haraka sana tunawatilia shaka.

18. Ninawalindaje niliowahoji?

Kubadilisha majina hakutoshi. "Mwenyekiti mwanamke wa kijiji kimoja kando ya ziwa" anajulikana na kila mtu wa pale. Makala ya umma husomwa na jirani yake. Tasnifu haisomwi naye. Pitia upya kila maelezo kwa jicho la jirani huyo.

Na usiahidi usichokimudu. Chuo cha Boston kilihifadhi simulizi za waliokuwa wapiganaji wa Ireland ya Kaskazini, zilizorekodiwa kati ya 2001 na 2006 kwa ahadi kwamba zisingefunguliwa wakiwa hai. Baada ya wawili kufariki, kitabu kilichotokana na simulizi zao kilitoka mwaka 2010. Mwaka uliofuata, kwa ombi la Uingereza, mahakama za Marekani zikahusishwa kudai kanda nyingine, na baadhi zikakabidhiwa. Kutangazwa kwa kazi hiyo ndiko kulikowaonyesha polisi mahali pa kutafuta. Kabla hujasimulia hadharani kwamba una mahojiano na watu walio hatarini, waulize wanasheria wa chuo nini kitatokea karatasi ya mahakama ikifika.

19. Je, barua au ujumbe wa utafiti wenyewe ni mawasiliano na umma?

Ndiyo, na wengi hulisahau. Mwaka 2014 watafiti wa vyuo viwili walituma barua kwa wapiga kura takriban 100,000 wa jimbo la Montana, Marekani, kabla ya uchaguzi wa majaji usio wa vyama, zikiwa na nembo ya jimbo na mizani ya itikadi ya wagombea. Watu walidhani zimetoka serikalini. Vyuo viliomba radhi. Hata barua za Michigan ziliwakera baadhi ya waliozipata. Mtu anayepokea karatasi yako hajui kuwa yumo kwenye jaribio. Anajua tu alivyojisikia.

## Pembeni kabisa

20. Utafiti wangu unasema "hakuna athari". Nani atasoma hilo?

Wengi, kama kuna pesa inayotumika kwa imani kwamba athari ipo. Anza na imani hiyo, kisha matokeo. Lakini pima kwanza: "hatukuona athari" na "hakuna athari" ni mambo mawili, na sampuli ndogo inakupa la kwanza tu.

21. Chama kimechukua matokeo yangu kwenye kampeni.

Kama kimeyanukuu sawasawa, huna kesi. Matokeo si mali yako tena. Kama kimeyapinda, toa maelezo mafupi ya umma yanayosema ulichokuta na usichokuta, bila kutaja nia ya mtu yeyote. Mpe nakala msimamizi na ofisi ya mawasiliano ya chuo kabla, sio baada. Usiingie kwenye malumbano ya siku tatu. Utayashinda na bado utatoka umechafuka.

22. Vipi matusi na vitisho?

Matusi: usijibu. Kama unaweza, mpe rafiki asome ujumbe wako kwa wiki moja akuletee tu unaohitaji kujibiwa. Vitisho: hifadhi picha za skrini zenye tarehe, toa taarifa chuoni na polisi, ondoa anwani na namba yako mahali pote ulipoiweka. Mzigo huu haugawanyiki sawa. Wanawake na watu wa makundi madogo huupata zaidi, na kozi isiyolisema hili siku ya kwanza inawapeleka watu vitani bila ngao.

Kama utafiti wako uko mahali ambapo kusema kwenyewe ni hatari, kutosema ni uamuzi halali. Giulio Regeni, mwanafunzi wa uzamivu wa Cambridge aliyetafiti vyama huru vya wafanyakazi nchini Misri, alitoweka Cairo tarehe 25 Januari 2016 na mwili wake ulipatikana siku chache baadaye ukiwa na alama za mateso. Hakuna makala yenye thamani hiyo. Hatari inawagusa pia watu waliokupokea na kukutafsiria, ambao hawataondoka na ndege yako.

## Kwa wanaoendesha mafunzo

23. Warsha ya siku moja inatosha?

Inatosha kuamsha hamu. Ujuzi huja kwa kuandika upya, na kuandika upya kunahitaji wiki kati ya rasimu. Sisi tunapenda vikao vya kila wiki mbili, kila mmoja akiwa na kipande kimoja anachokirudia muhula mzima, na angalau mhariri mmoja wa habari wa kweli chumbani. Wahadhiri husahihisha hoja. Mhariri husema "hapa niliacha kusoma", na hakuna mhadhiri anayeweza kulisema hilo kwa ukatili uleule.

24. Mnapimaje kama mwanafunzi ameiva?

Idadi ya waliobofya haitusaidii. Kichwa cha habari cha uongo kingeshinda kila mara. Tunampa makala mtu wa nje, mara nyingi mfanyakazi wa idara nyingine kabisa. Anaisoma, tunaichukua, tunamwacha dakika 10, kisha tunamwomba aeleze imesema nini na wapi mwandishi alikiri kwamba hana uhakika. Mwanafunzi anakaa pembeni bila kuruhusiwa kufungua mdomo. Akisikia matokeo yake yakirudi yakiwa yameongezewa chumvi, anarudi kwenye aya ile na kalamu.